Mizani Haipimi Mifupa

Wasee, leo tuko darasa la historia. Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "wewe uliacha chuo, utatufunza nini?" Niliacha chuo, ndiyo. Kusoma sikuacha. Na hii stori nimeifuatilia kwa muda kwa sababu naona watu wa rika langu wanaingia kwenye kitu ambacho wameelezwa nusu yake tu.

Kitu chenyewe ni operesheni ya kupunguza uzito. Kitambo ilikuwa mambo ya watu wa mbali. Siku hizi inafanywa hapa Nairobi, na wengine wanapanda ndege kwenda India ama Uturuki. Tunafungua simu, tunaona picha mbili. Kushoto kabla, kulia baada. Kilo 130, kilo 75. Makofi, mioyo, "queen!", maisha yanasonga. Mimi pia natafuta riziki kwa kupost, kwa hivyo najua vile picha mbili zinauza. Ila huwa najiuliza picha ya tatu iko wapi. Ile ya miaka 12 baadaye, ya mama wa miaka 47 aliyeteleza bafuni kidogo tu na nyonga ikavunjika.

Niseme msimamo wangu mapema ndiyo tusitukanane bure. Sipingi operesheni hii. Inaokoa watu, na nitawaonyesha. Ninachopinga ni kuuziwa nusu ya stori, kwa sababu ile nusu nyingine imejulikana tangu miaka ya 1940. Madaktari waliijua, wakaipuuza, wakaijua tena, wakaipuuza tena. Na kila mara sababu ilikuwa ileile: walikuwa wakitazama mizani.

Ilianza na vidonda vya tumbo

Turudi nyuma hadi Vienna, Austria, tarehe 29 Januari 1881. Daktari mmoja anaitwa Theodor Billroth anamfanyia mwanamke mwenye saratani operesheni ya kukata sehemu ya tumbo, kisha anaunganisha kilichobaki na utumbo. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake na wagonjwa wao wakafa. Huyu mama alipona operesheni, ingawa saratani yenyewe ilimuua miezi michache baadaye. Kuanzia hapo, kukata tumbo kukawa jambo linalowezekana.

Muda si muda, operesheni hiyo ikaanza kutumika kwa vidonda vya tumbo. Kumbuka wakati huo hakukuwa na dawa ya maana ya vidonda. Dawa ya kupunguza asidi iitwayo simetidini ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1976, na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua vile bakteria wanahusika na vidonda mwaka 1982. Kabla ya hapo, ukisumbuliwa sana na vidonda, ulikatwa. Watu wengi sana Ulaya na Marekani walibaki na nusu ya tumbo ama chini ya hapo.

Sasa, watu hao walitembea na nusu tumbo kwa miaka, na madaktari wakaanza kuona mambo mawili.

La kwanza, walikonda na wakashindwa kunenepa tena. La pili, miaka mingi baada ya kukatwa, baadhi yao walirudi hospitalini wakilalamika maumivu ya mifupa. Mifupa ilikuwa imelainika, ama imekuwa myepesi kiasi cha kuvunjika kwa jambo dogo. Ripoti za kwanza zilitoka miaka ya 1940. Kufikia miaka ya 1960 jambo hili lilikuwa linafahamika kwa madaktari waliowafuatilia watu waliokatwa tumbo.

Shikilia hayo mawili kichwani. Kukonda na mifupa. Yalionekana kwa watu walewale, kutokana na operesheni ileile. Moja likafanywa biashara na sifa. La pili likabaki kwenye majarida.

Utumbo wa sentimita 45

Mwaka 1954, Kremen, Linner na Nelson wa Minnesota, Marekani, walichapisha kazi yao kuhusu kufupisha njia ya chakula kwenye utumbo. Wazo lilikuwa rahisi. Utumbo mdogo wa binadamu una urefu wa mita kadhaa, na hapo ndipo chakula kinaingia kwenye damu. Ukiruka sehemu kubwa yake, chakula kinapita bila kufyonzwa, na mtu anakonda hata akila.

Madaktari Payne na DeWind wa Los Angeles wakalipeleka wazo hilo mbali zaidi. Mwaka 1969 walieleza operesheni iliyoacha takriban sentimita 35 za mwanzo wa utumbo zikiunganishwa na sentimita 10 za mwisho. Jumla sentimita 45, yaani urefu wa rula moja na nusu ya shule. Sehemu hiyo ndogo ndiyo ilibaki kufanya kazi ya mita nzima.

Watu walikonda kweli. Mizani ilishuka vizuri kabisa. Lakini pia walianza kuharisha bila kukoma, wakapata mawe ya figo, wengine ini likafeli. Na mifupa ikaharibika. Mwaka 1978 Michael Parfitt na wenzake wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, walichapisha utafiti kuhusu ugonjwa wa mifupa kwa watu waliorukwa utumbo namna hii. Kufikia miaka ya 1980 operesheni hiyo ilikuwa imeachwa, na wengi waliofanyiwa ilibidi warudi kufunguliwa upya.

Hapo ungefikiri somo limeeleweka. Haya, endelea kusoma.

Mzee wa Iowa

Edward Mason alikuwa daktari wa upasuaji Chuo Kikuu cha Iowa. Yeye ndiye aliyeliangalia lile jambo la kwanza kwa makini: mbona wanawake waliokatwa tumbo kwa sababu ya vidonda wanabaki wembamba? Mwaka 1966, akiwa na Chikashi Ito, akaanza kuwafanyia watu wanene operesheni iliyotoka moja kwa moja kwenye ile ya vidonda. Anaacha mfuko mdogo juu ya tumbo, anauunganisha na utumbo chini zaidi, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Walichapisha mwaka 1967. Hii ndiyo baba ya operesheni ya mchepuko inayofanywa mpaka leo. (Na tafadhali msilete zile jokes za michepuko, tuko serious.)

Kumbuka alichofanya. Alihamisha operesheni kutoka kwa watu wa vidonda hadi kwa watu wanene. Faida ya kukonda ikahama nayo. Hasara ya mifupa nayo ikaingia gari hilohilo.

Lakini nimpe mzee heshima yake. Mason aliamini mgonjwa wa operesheni hii anafaa kufuatiliwa miaka na miaka, na mwaka 1986 daftari la kitaifa la wagonjwa wa aina hii lilianzishwa pale Iowa. Kisha mwaka 2000, akiwa mzee wa karibu miaka 80, aliandika makala fupi kwenye jarida la upasuaji wa unene akionya kuhusu ugonjwa wa mifupa unaotokana na kuiruka duodeni, yaani ile sehemu ya kwanza kabisa ya utumbo mdogo. Yaani aliyeanzisha operesheni ndiye huyo anapiga kengele. Alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka 100.

Na kengele yake ilipigwa wakati gani? Wakati biashara inawaka. Mwaka 1991 jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani liliikubali operesheni kwa watu wenye BMI ya 40 na zaidi, ama 35 kama tayari wana magonjwa yanayoletwa na unene. Kisha kukaja upasuaji wa kutumia vitobo vidogo na kamera, hakuna tena kovu kubwa la tumbo, siku chache uko nyumbani. Kule Marekani operesheni za aina hii zilitoka 13,365 mwaka 1998 zikafika 72,177 mwaka 2002. Miaka minne tu. Nani angesikiza mzee anaongea mambo ya mifupa?

Lori likipita mchepuko, mji unalala njaa

Sasa nieleze inavyofanyika mwilini, bila Kilatini nyingi.

Fikiria malori yanayotoka Mombasa na mzigo. Zamani yalikuwa yanapita katikati ya mji, yanashusha mizigo madukani. Ukijenga barabara ya mchepuko, malori yanazunguka nje na kwenda zao. Foleni imeisha, kila mtu amefurahi, lakini yule mwenye duka mjini anashangaa mbona rafu ziko tupu.

Kalsiamu ni mzigo ambao mwili unaupokea vizuri zaidi kwenye duodeni na sehemu inayofuata. Hapo ndipo mjini. Operesheni ya mchepuko inapitisha chakula kando ya mji. Mwaka 2015 Anne Schafer na wenzake wa San Francisco walipima watu kabla ya operesheni na miezi 6 baadaye. Kabla, mwili ulikuwa unafyonza karibu asilimia 33 ya kalsiamu waliyokula. Baadaye ikashuka hadi karibu asilimia 7. Na hapo walikuwa wamehakikisha vitamini D ya watu hao iko sawa! Soma tena hiyo. Asilimia 33 hadi 7.

Mwili ukikosa kalsiamu kwenye damu hauwezi kungoja, kwa sababu moyo na misuli vinaihitaji kila sekunde. Kuna tezi nne ndogo shingoni zinazolinda hesabu hiyo. Zikiona kalsiamu imeshuka, zinatoa homoni inayoenda kwenye mifupa na kukopa. Mfupa ndio benki ya mwili. Shida ni kwamba huyu mkopaji anakopa kila siku na halipi. Ndiyo maana ukipimwa damu unaweza kuambiwa kalsiamu yako iko sawa kabisa, kumbe imetolewa mfupani.

Halafu kuna sababu zingine zinaingia pamoja. Asidi ya tumbo imepungua, na aina fulani ya vidonge vya kalsiamu haiyeyuki vizuri bila asidi. Mafuta mwilini yanatengeneza homoni ya estrojeni, ambayo inalinda mifupa, kwa hivyo mafuta yakiisha nayo inashuka. Misuli inapungua kwa sababu mtu anakula kidogo. Na uzito wenyewe umeondoka. Daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza tangu mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaobeba. Mwili uliokuwa unabeba kilo 130 ukianza kubeba 75, mifupa ya miguu na nyonga inaona kazi imeisha na inaanza kujipunguza.

Je, ile operesheni nyingine, ambapo tumbo linakatwa likabaki jembamba kama mkono wa shati? Hiyo ndiyo inayofanywa zaidi duniani siku hizi. Haiiruki duodeni, kwa hivyo mifupa hupungua kidogo kuliko kwenye mchepuko. Lakini hupungua. Usidanganywe kwamba hiyo haihusiki.

Mbona walichelewa hivyo?

Hapa ndipo mimi hukasirika kidogo, lakini nitajaribu kuwa mtu wa haki.

Kwanza, kulikuwa na imani kwamba mtu mnene ana mifupa imara. Na si uongo. Ukimpima, mifupa yake mara nyingi ni mizito kuliko ya mtu mwembamba. Kwa hivyo hakuna aliyekuwa na haraka.

Pili, mashine. Mashine ya DEXA, ile inayopima uzito wa mfupa kwa eksirei mbili, ilianza kutumika hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo rasmi cha kusema mfupa umedhoofika mwaka 1994. Na meza za mashine nyingi za zamani zilikuwa na kikomo cha uzito, kitu kama kilo 115 hadi 135. Yaani mtu ambaye alihitaji sana kupimwa kabla ya operesheni ndiye ambaye meza haikuweza kumbeba.

Tatu, muda. Hii ndiyo kubwa. Mwaka 2004 madaktari wa Pittsburgh waliona dalili za mfupa kumeng'enywa miezi 3 tu baada ya mchepuko. Lakini mfupa kupungua na mfupa kuvunjika ni vitu viwili, na kati yao kuna miaka. Angalia vile tafiti za mifupa kuvunjika zilivyokuja moja baada ya nyingine. Uingereza, 2012: watu 2,079, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka miwili na kidogo, hakuna hatari ya maana iliyoonekana. Watu wakashusha pumzi. Mayo Clinic, Marekani, 2014: watu 258 tu, lakini waliofanyiwa operesheni kuanzia 1985 hadi 2004, yaani walifuatiliwa muda mrefu. Hatari ya kuvunjika ilikuwa zaidi ya mara 2 ya iliyotarajiwa. Quebec, Kanada, 2016: watu 12,676. Kabla ya operesheni walikuwa wanavunjika miguu kama watu wanene wanavyovunjika. Baada ya operesheni, mivunjiko ikahamia mikono, uti wa mgongo na nyonga, kama ya wazee. Sweden, 2020: wakifuatiliwa hadi miaka 26, waliofanyiwa mchepuko walivunjika zaidi ya mara mbili ya watu wanene ambao hawakufanyiwa.

Umeona? Ukitazama miaka miwili, unaona picha ya kabla na baada. Ukitazama miaka ishirini, unaona mfupa.

Sasa tusifanyiwe operesheni?

Zii, sijasema hivyo. Watafiti wa Sweden, hao hao, walianza kufuatilia watu mwaka 1987, na mwaka 2007 walionyesha kwamba waliofanyiwa operesheni walikuwa na hatari ya kufa ya chini kwa karibu asilimia 30 ukishasawazisha umri na mambo mengine. Kisukari cha wengi kilirudi nyuma. Kwa mtu ambaye sukari inamla macho na figo, hii operesheni inaweza kuwa tofauti kati ya kuona wajukuu na kutowaona. Kwa mtu kama huyo mfupa si sababu ya kukataa operesheni. Ni sababu ya kuilinda baada ya kuifanya.

Na inalindika. Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo haipati likes, kwa hivyo naomba usiiruke.

Turudi Vienna, mji uleule wa Billroth. Mwaka 2016, miaka 135 baada ya ile operesheni yake, madaktari wa huko walitoa utafiti wa watu 220 waliofanyiwa operesheni ya kupunguza uzito. Kundi moja liliwekwa kwenye mpango: vitamini D kuanzia kabla ya operesheni, kalsiamu, protini ya ziada kila siku, matembezi ya haraka mara 3 kwa wiki na mazoezi ya nguvu mara 2. Kundi lingine halikupewa mpango huo. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa yamepoteza mfupa, lakini la mpango lilipoteza kidogo zaidi. Kisha mwaka 2019 kule São Paulo, Brazili, wanawake 70 waliofanyiwa mchepuko wakagawanywa: nusu wakafanya mazoezi yenye usimamizi mara 3 kwa wiki kwa miezi 6. Mifupa yao ilishikilia vizuri kuliko ya wenzao.

Hakuna siri hapo. Hakuna kifaa cha mamilioni. Ni vidonge, chakula, vyuma na kurudi kliniki.

Vyama vya madaktari Marekani vimekuwa na mwongozo tangu 2008, ukaboreshwa 2013 na 2019. Nikiufupisha kwa lugha ya mtaani, uko hivi. Pima vitamini D, kalsiamu na ile homoni ya tezi za shingoni kabla ya operesheni, na kama vitamini D iko chini irekebishwe kwanza. Baada ya operesheni, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ukijumlisha ya chakula na ya vidonge. Usiimeze yote mara moja, kwa sababu mwili hauwezi kupokea zaidi ya kama 500 au 600 kwa wakati mmoja. Igawe. Ile aina ya sitreti ndiyo inayopendekezwa kwa sababu haitegemei asidi ya tumbo kama ile ya kaboneti, ambayo ndiyo ya bei rahisi na ndiyo utapewa haraka dukani. Soma kibandiko. Vitamini D3, kama yuniti 3,000 kwa siku, mpaka kipimo kikae sawa. Protini isipungue gramu 60 kwa siku. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, viachanishe na kalsiamu kwa saa mbili, na usiviteremshe na chai. Kipimo cha DEXA mwanzoni, na tena baada ya miaka miwili hivi. Na hayo yote daktari wako ndiye akupangie, kwa sababu kuna watu wenye mawe ya figo, kuna waliokatwa utumbo mrefu zaidi wanaohitaji dozi kubwa, na vitamini D ikizidi inakuwa sumu.

Kuhusu jikoni kwetu, tuko sawa kuliko tunavyofikiria. Omena unaitafuna na mifupa yake, na hiyo mifupa ndiyo kalsiamu. Maziwa lala na mtindi vinashuka vizuri kwa tumbo dogo. Sukuma wiki ina kalsiamu ambayo mwili unaipokea vizuri, kuliko spinachi, ambayo kalsiamu yake imefungwa na kitu kinaitwa okzaleti. Mayai, ndengu na maharagwe kwa protini. Lakini supu ya mifupa, mazee, tuachane na hiyo hadithi. Ni tamu, inapasha mwili joto, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa ikaingia kwenye supu ni kidogo sana. Huwezi kuitegemea. Na jua letu, ndiyo, ni la bure, lakini mtu anayetoka kwa nyumba akiwa ndani ya matatu, akashinda ofisini hadi jioni, jua hilo analiona dirishani tu. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi juani. Usidhani kuishi karibu na ikweta kumekumalizia kazi.

Siri ndiyo inatuvunja

Kitu ambacho sijaona kwenye jarida lolote lakini nakiona kwenye inbox yangu ni aibu. Msichana anafanyiwa operesheni, kisha anaambia watu ni "kuacha soda na kutembea". Namwelewa. Watu wa mtandao ni wakatili, ukinenepa wanakucheka, ukikonda wanauliza uliiba wapi njia ya mkato. Lakini mtu anayeficha operesheni anaficha pia vidonge vyake. Hamezi mbele ya watu. Harudi kliniki kwa sababu ataonekana. Akifanyiwa ng'ambo, daktari aliyemkata yuko ndege moja mbali, na yule wa hapa nyumbani hajui hata kama alikatwa. Mwaka wa kwanza anameza, wa pili anaruka, wa tatu chupa imeisha na hakununua nyingine. Watafiti wa Boston walionyesha mwaka 2015 kwamba mfupa uliendelea kupungua mwaka wa pili hata uzito ulipotulia. Mizani imesimama, mfupa bado unashuka, na hakuna anayeangalia.

Na si mambo ya watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi ama unene. Hao ndio soko. Sasa zimekuja na dawa za sindano za kukonda, na naona tunarudia mwendo uleule: kilo, kilo, kilo. Mwaka 2024 utafiti wa Denmark kuhusu mojawapo ya dawa hizo, liraglutaidi, ulionyesha kwamba waliotumia dawa bila mazoezi walipoteza mfupa wa nyonga na mgongo, na waliochanganya dawa na mazoezi mifupa yao ilibaki sawa. Tumeambiwa mapema safari hii. Hatutakuwa na kisingizio cha miaka ya 1940.

Sisi wa umri wa miaka ishirini na kitu tuna jambo lingine la kufikiria. Mfupa wa binadamu unaendelea kujijenga hadi karibu miaka 30, halafu kazi inayobaki ni kuutunza. Ukifanyiwa operesheni ukiwa na miaka 24 bila mpango wa mifupa, unaanza kutoa akiba kabla hujamaliza kuiweka.

Kwa hivyo ukiwa na miadi ya operesheni, ama dada yako anayo, nenda na maswali haya matatu na usitoke kwenye ofisi bila jibu. Vitamini D yangu ni ngapi leo? Nani atanipima damu baada ya miezi 6, baada ya mwaka, na kila mwaka baada ya hapo? Na mazoezi ya kubeba uzito nianze lini? Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, tafuta mwingine.

Na kama ulishafanyiwa miaka iliyopita na hujawahi kupimwa mifupa, hujachelewa kuanza. Piga simu kliniki Jumatatu. Ukiona aibu kwenda peke yako, nenda na mtu mmoja unayemwamini, umwambie ukweli wote, na umwachie kazi ya kukukumbusha vidonge. Mwenye swali aniandikie, nitatafuta jibu kwa watu wanaojua kuliko mimi.